Pampu ilikuwa ikinguruma bure, nikaambiwa maziwa yangu yamekauka

"Mashine iko sawa, mama. Ni maziwa yako yamekauka." Hivyo ndivyo nilivyojibiwa na muuzaji wa duka moja la vitu vya watoto huku mjini, mbele ya wateja wengine, macho yake yakiwa kwenye simu. Pampu yangu ya kukamulia maziwa hakuishika hata kwa kidole. Nilipanda matatu machozi yakinilengalenga, nikiamini kwamba kweli nimeishiwa.

Niliinunua hapo hapo likizo ya uzazi ilipokuwa ukingoni. Sheria ya Kenya inatupa miezi mitatu, na mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama pekee mpaka atimize sita, kwa hiyo bila pampu ningefanyaje? Mwanzoni niliisifu kwa kila mtu. Kazini sina lalamiko: tuna chumba chenye kufuli, tena kina kiti, soketi na friji kama Sheria ya Afya ya 2017 inavyotaka, wala hatujifichi chooni. Nilikuwa nikikamua mara tatu kwa siku, mililita 150 kila mara, na dada anayebaki na mtoto hakuwahi kupungukiwa.

Kisha yakaanza kushuka. Yakawa 90, yakawa 40. Mama mkwe akanipikia njahi, nikanywa uji wa wimbi asubuhi na jioni, nikawa naamka saa tisa usiku kukamua. Wapi! Baada ya maneno ya yule muuzaji nilikata tamaa hata nikaanza kuruka zamu ya mchana.

Muuguzi wa kliniki, siku ya kumpima mtoto uzito, aliniuliza kama nimejaribu kukamua kwa mkono. Nikajaribu pale pale. Maziwa yakaruka! Akaifungua pampu, akatoa kijipira cheupe chenye mdomo kama wa bata, ndiyo vali yake, akakibinya. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Hewa inapenya hapo, mashine inanguruma lakini haivuti kitu.

Kilichonichoma zaidi ni alichonieleza baadaye. Ziwa likiachwa limejaa kila siku, mwili hupunguza kutengeneza maziwa. Yaani ningeendelea kumsikiliza yule kijana wiki chache tu, uongo wake ungegeuka kuwa kweli, na mwanangu ndiye angelipa.

Nilirudi dukani. Vijipira vyenyewe vilikuwa vimening'inia ukutani nyuma ya kiti chake, pakiti ya viwili. Akaniambia, "Si ungesema ni vali unataka." Sikumjibu, ningemwambia maneno mabaya.

Pampu ni nzuri, naikubali, nunueni. Lakini hapana, hata walioitengeneza nawalaumu: kijitabu chake kinaeleza kuchaji kurasa nzima, na kijipira kinachochakaa kwa kuoshwa kila siku kimepewa mstari mmoja tu. Ukiinunua, nunua na vijipira vya akiba siku hiyo hiyo, na si kwenye duka lile. Pale sirudi.

Nilikaa kama wiki mbili nikikamua kila baada ya saa tatu, nikimalizia kwa mkono. Sasa napata 120. Zile 30 zilizobaki sijazipata mpaka leo.