Yatima anayeandika: riwaya ya kununua kwanza, na ya kuacha isubiri

Mtoto wa dada yangu ana miaka 12 na kaunta buku tatu zilizojaa hadithi. Nilipomuahidi kitabu akaniambia, "Mamdogo, nataka cha msichana anayeandika. Halafu asiwe na wazazi, ndiyo inanoga." Sikubishana naye. Hata ngano za bibi hazichangamki mpaka mama afe na mama wa kambo aingie.

Tatizo ni kwamba ukiuliza riwaya ya namna hiyo, kila muuzaji atakupa ileile. Mimi nimeshanunua tano, nyingine mara mbili kwa kukosea toleo, na kipimo changu siku hizi ni kimoja: je, tunamwona msichana akiandika kweli, akakataliwa, akafuta, akarudia? Au tunaambiwa tu ana kipaji, tukaachwa tuamini? Kwa kipimo hicho, ile maarufu kuliko zote inashuka hadi nafasi ya nne. Zote hapa nazungumzia matoleo ya Kiingereza.

Ya kwanza, na wala sisiti, ni Emily of New Moon ya L. M. Montgomery wa Kanada, iliyotoka mwaka 1923. Baba yake Emily anakufa kwa kifua kikuu, na mama alishatangulia. Ndugu wa mama wanakusanyika kujadili nani ambebe, kila mmoja akitamani mzigo umwangukie mwenzake, na Emily yuko chini ya meza anasikia yote. Mwishowe wanaandika majina kwenye vikaratasi, naye mwenyewe anaokota kimoja. Anaangukia shamba la New Moon katika kisiwa cha Prince Edward, kwa Elizabeth na Laura. Kitabu kinawaita "aunt", lakini kwetu hao ni mama wakubwa, na ukiwasoma hivyo ukali wa Elizabeth unaeleweka upesi zaidi.

Kinachokipa kitabu hiki nafasi ya kwanza ni karatasi. Emily hana pa kuandikia, kwa hiyo anatumia migongo ya fomu za zamani za posta, na anayemwandikia ni baba yake aliyekufa. Hilo Montgomery hakulibuni: mama yake alikufa yeye akiwa hajatimiza miaka miwili, akalelewa na babu na bibi waliokuwa na ofisi ya posta nyumbani kwao Cavendish, na fomu hizo ndizo alizoandikia. Fomu zikiisha, Jimmy, ndugu wa ukoo ambaye watu humwona punguani kidogo na ambaye hutunga mashairi akichemsha viazi vya nguruwe, anaanza kumletea Emily madaftari. Ukinunua kitabu hiki, weka na kaunta buku mpya ndani ya mfuko. Mtoto akifika hapo ataelewa.

Kisha kuna mwalimu Carpenter. Emily anampelekea mashairi yake akitaka kusikia ukweli, naye anampa: kati ya mistari 400, mizuri ni 10, mingine takataka. Anamuuliza kama angeendelea kuandika hata akijua atakuwa fukara maisha yake yote na hautachapishwa hata mstari mmoja. Jibu la msichana utalikuta mwenyewe. Nimesoma miongozo mingi ya uandishi na sijaona ukurasa unaofundisha zaidi ya hizo chache za mwisho.

Kuna mwendelezo wa vitabu viwili, Emily Climbs wa 1925 na Emily's Quest wa 1927. Cha pili, Emily Climbs, kinunue bila wasiwasi. Humo Elizabeth anakubali kumpeleka Emily sekondari kwa sharti kwamba kwa miaka mitatu asiandike chochote cha kubuni, na mwalimu Carpenter, badala ya kumtetea, anaona sharti hilo litamnyoosha. Bahasha za kukataliwa zinarudi moja baada ya nyingine. Cha tatu kiache kwanza. Kina sura moja kali sana, ambapo Emily anachoma mswada wake kwa sababu mtu anayemwamini amemwambia haufai, lakini mapenzi yanakivuta huku na huku mpaka kinachosha. Mtu huyo, Dean Priest, anamzidi Emily kwa zaidi ya miaka 20, na tangu kitabu cha kwanza anamzungumzia kana kwamba anamsubiri akue. Mzazi, soma wewe kwanza, kisha mzungumze.

Kuhusu toleo: hakimiliki ya kitabu cha kwanza ilikwisha Marekani mwaka 2019, kwa hiyo kwenye simu unakipata bure katika tovuti ya Project Gutenberg. Uhuru huohuo umeleta na wachapaji wa haraka haraka wenye majalada ya kupendeza na herufi za kuumiza macho. Hesabu sura: ziwe 31. Ukibahatika kukutana na toleo la New Canadian Library la mwaka 1989, lichukue hata kama limechakaa, maana maneno ya mwisho aliyaandika Alice Munro, aliyekuja kupata Nobeli mwaka 2013.

Nafasi ya pili nampa Daddy-Long-Legs ya Jean Webster, Mmarekani, ya mwaka 1912. Judy Abbott amekulia kituo cha yatima. Jina la ukoo alichaguliwa kutoka kitabu cha simu, la kwanza, Jerusha, likatolewa kwenye jiwe la kaburi, na Judy akajipa mwenyewe. Anaandika insha ya kuwacheka wadhamini wa kituo, na mmoja wao anacheka kweli, akamlipia chuo ili awe mwandishi, kwa sharti la barua moja kila mwezi ambayo haitajibiwa. Karibu riwaya nzima ni barua hizo. Ni nyepesi, inachekesha, inamalizika kwa siku mbili, na kwa mtoto asiyependa vitabu vinene ningeanza na hii kabla ya Emily. Judy naye anaandika riwaya, mchapishaji anamrudishia pamoja na maoni, anaisoma upya, anakwenda kuitupa kwenye tanuri. Ndiye msichana wa pili katika orodha hii kuchoma kazi yake. Mswada wa kwake ulistahili.

Hapa angalia jambo moja kabla ya kulipa: michoro. Webster alimchorea Judy vikatuni vya mistari miwili mitatu, na barua huvitaja. Matoleo mengi ya bei ya chini yameviondoa, ukabaki unasoma kuhusu picha usiyoiona. Fungua kurasa za mwanzo. Usipokuta mchoro wowote, rudisha rafuni. Mwendelezo wake, Dear Enemy wa 1915, una mawazo ya zama zile kuhusu watu "wenye mbegu mbaya" ambayo sitaki kuyaeleza kwa mtoto wa miaka 12. Na ndiyo, Judy naye anaishia kwa mwanamume anayemzidi miaka kumi na kitu. Waandishi hawa sijui walikubaliana wapi.

Ya tatu ni Jane Eyre ya Charlotte Brontë, Uingereza, 1847. Kwa ukubwa wa fasihi ingekuwa ya kwanza, hilo najua, msinirushie mawe. Ila Jane hatumwoni akihangaika na kalamu. Yeye ni mwalimu na mchoraji. Uandishi wake ni kitabu chenyewe, maana ukurasa wa jina wa toleo la kwanza kabisa uliiita kazi hiyo tawasifu, na anayesimulia ni Jane miaka 10 baada ya ndoa. Mnunulie wa miaka 15 kwenda juu. Sura kumi za mwanzo, za mke katili wa mjomba na shule ya Lowood yenye njaa na homa, zitamshika yeyote.

Hiki ndicho kitabu kilichonigharimu. Nilikipata kwenye mtumba, kimenyooka, nikafurahi, kumbe ni toleo lililorahisishwa kwa wanafunzi, na neno hilo limeandikwa kwa herufi kama sisimizi. Kipimo ni hiki: sura ziwe 38, na ya mwisho ianze kwa Jane kumwambia msomaji kwamba "amemwoa" Rochester, bwana aliyewahi kumwajiri. Kiswahili kinagoma hapo, kwa sababu kwetu mwanamke huolewa, haoi, lakini sentensi ya Jane ni ya mtu aliyetenda, si aliyetendewa, na ndiyo sababu inakumbukwa. Tafuta pia toleo lenye maelezo mwishoni, kama Penguin Classics au Oxford World's Classics. Mtoto Adèle, mwanafunzi wa Jane, anaongea Kifaransa ukurasa baada ya ukurasa, na matoleo ya chee yanakuacha uhangaike naye peke yako.

Ya nne ndiyo ile utakayopewa kila duka: Anne of Green Gables, ya Montgomery huyohuyo, 1908. Ina sura 38 pia. Kama mtoto anataka kucheka na kulia tu, nunua, hutajuta. Matthew na dada yake Marilla walitaka mvulana wa kusaidia shamba, wakaletewa msichana mwenye nywele nyekundu asiyefunga mdomo. Lakini kama uandishi ndio unaotafuta, Anne atakuangusha. Katika kitabu cha tatu anaandika hadithi ya mapenzi kwa moyo wote, rafiki yake Diana anaichomekea tangazo la baking powder na kuipeleka kwenye shindano la kampuni, inashinda dola 25, na Anne anataka ardhi immeze. Nacheka kila nikiisoma. Kufika Anne's House of Dreams, mwaka 1917, hadithi nzuri kuliko zote kijijini anamwachia mwanamume aiandike, kwa kuwa yeye hajioni anaiweza. Hapo nilifunga kitabu nikanyamaza kidogo.

Usinunue seti ya nane kwa mkupuo. Na zile za kielektroniki zinazojiita "kamili" zichunguze: cha nne na cha sita kwa mpangilio wa hadithi viliandikwa mwishoni, 1936 na 1939, na mara nyingi vinakosekana kwa sababu Marekani bado vina hakimiliki.

Rebecca of Sunnybrook Farm ya Kate Douglas Wiggin, 1903, nimeiweka ya tano, na hata hapo kwa upendeleo. Rebecca amefiwa na baba tu, anaandika vishairi, anapelekwa kwa ndugu wawili wa kike wasioolewa, mmoja mkali mmoja mpole. Umeshaona inafanana na nini. Ukiikuta kwa bei ya nauli ya daladala, chukua.