Tennessee Promise: Ada Imefutwa, Gharama Nyingine Je?

Mpango wa Tennessee Promise, uliopitishwa mwaka 2014 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka uliofuata, humwezesha mhitimu wa sekondari wa jimbo hilo la Marekani kusoma katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, bila kutoa ada mfukoni, na kwa hilo nauvulia kofia. Kasoro yake imejificha kwenye hesabu. Fedha za jimbo huingia mwisho, baada ya ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell kukatwa kwanza, kwa hiyo mwanafunzi maskini kabisa, ambaye Pell tayari inamlipia ada yote, hapati hata senti moja ya Promise, ilhali mwenzake wa familia yenye kipato cha kati ndiye anayefaidi zaidi. Vitabu, nauli na kodi ya nyumba havimo, na hivyo ndivyo huwatoa wengi darasani.

Masharti nayo si haba: kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kuhudhuria kikao cha lazima, kusoma kwa muda wote na kujitolea saa 8 kwa jamii kila muhula. Saa hizo si nyingi, ila ukichelewa kuziwasilisha, unajihatarishia udhamini wote. Washauri wa kujitolea husaidia kukumbusha tarehe, jambo zuri.

Kwa mtu mzima anayefanya kazi, ningependekeza Tennessee Reconnect, mpango wa jimbo hilo wa kuwalipia ada watu wazima, ulioanza mwaka 2018, kwa kuwa unaruhusu kusoma kwa muda nusu.