Bendisoo ya inchi 9 kwa kupasua vigogo vidogo: uzoefu wangu wa miezi 14

Ninatengeneza mipini ya visu, miko na visanduku vya mbao kwenye banda nyuma ya nyumba, Dar es Salaam. Sinunui mbao za kupasuliwa dukani. Ninaokota matawi ya mpera na mwembe watu wanapopunguza miti yao, na ninanunua vibaki vya mpingo kwa wachongaji wa Mwenge. Vyote vinakuja vikiwa mviringo, unene wa sentimita 4 hadi 7, urefu usiozidi 35. Kabla ya kitu kingine chochote, kila kigogo lazima kipasuliwe katikati kwa urefu wake.

Nilianza kwa kuvipeleka kwa fundi wa mtaani mwenye msumeno wa duara wa meza. Alikishika kigogo cha mpera, akakizungusha mkononi, akanirudishia. "Bosi, hiki sipasui. Kikibana kinarudi tumboni kwangu." Siku ile niliudhika. Leo namshukuru, kwa sababu alisema kweli tupu. Kwenye msumeno wa duara, meno ya nyuma yanapanda juu yakielekea kwa anayesukuma. Kigogo kikijiviringisha kidogo tu, au ufa ukijifunga na kulibana bledi, meno hayo yanakinyanyua na kukirusha nyuma. Na hakikupi nafasi ya kukwepa.

Ndiyo maana nilinunua bendisoo, yaani msumeno ambao bledi lake ni mkanda wa chuma unaozungushwa na magurudumu mawili. Ni ya kuweka juu ya meza, imetumika, magurudumu ya inchi 9, mota ya wati 350, na inapokea mti wa kimo cha milimita 80. Jina la kiwanda silitaji kwa sababu nina malalamiko nayo, na mashine za umbo hili zinatoka chini ya majina mengi. Meno yake yanashuka muda wote, kwa hiyo nguvu ya kukata inaukandamiza mti kwenye meza badala ya kuurusha. Pia inakula mti mchache: njia ya bledi ni milimita moja hivi, wakati msumeno wa duara unakula kama tatu. Kwa mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini na wa bei yake, milimita hizo ni mpini mzima baada ya vigogo vichache.

Lakini isikudanganye kwamba iko salama yenyewe. Kigogo cha mviringo kinaigusa meza kwa mstari mmoja tu. Bledi likishuka pembeni kidogo ya mstari huo, linakisukuma chini upande mmoja na kigogo kinazunguka. Wiki ya kwanza nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili kipande cha mwembe, nasukuma polepole, najiona mwangalifu. Kikazunguka robo, kikalivuta bledi, bledi likapinda na kuruka kwenye magurudumu kwa mlio ambao jirani alitoka kuuliza. Kidole changu cha gumba kilikuwa kimevutwa hadi karibu na meno, umbali wa ukucha. Nilikaa chini, nikaizima, na sikuigusa tena wiki nzima.

Kilichoifanya mashine hii iwe na maana kwangu ni kitoroli, kitako kinachoteleza juu ya meza kikiwa kimekibeba kigogo. Nimekitengeneza kwa plaiwudi ya milimita 9, na unene huo una sababu: kila milimita ya kitako inapunguza kimo cha mti unaoweza kupita. Chini yake nimepigilia kipande chembamba cha mbao ngumu kinachoingia barabara kwenye mfereji wa meza na kuteleza mbele na nyuma bila kucheza. Mara ya kwanza nilikisukuma kikiwa kitupu, bledi likakata ukingo wake. Tangu hapo ukingo wenyewe ndio mstari wa kukata. Sihitaji kukisia.

Juu ya kitako kuna vibao viwili vya kusimama, kimoja mbele, kimoja nyuma, na cha mbele kinahamishika kufuata urefu wa kigogo. Kigogo kinalala katikati yao, kiini chake kikiwa sawasawa na ukingo. Ninakifunga kwa skrubu mbili kila mwisho, moja juu ya nyingine, kama sentimita moja na nusu ndani kutoka kwenye kiini, upande unaobaki juu ya kitoroli. Skrubu zikae mbali na njia ya bledi. Hili ninalikagua kwa macho na kwa rula kila mara, hata nikiwa na haraka. Mwishowe nachomeka kabari ndogo ubavuni. Kigogo kikifungwa hivyo hakina pa kuzungukia. Ninasukuma kitoroli, sisukumi mti, na vidole vyangu viko zaidi ya sentimita 15 kutoka kwenye meno.

Nusu ya nje ikianguka, ninazima mashine na kusubiri bledi lisimame ndipo nirudishe kitoroli. Kukirudisha likizunguka ni kulivuta bledi mbele, nje ya vishikio vinavyoliongoza. Nusu iliyobaki naifungua, naigeuza ilale kwa upande wake bapa, na kutoka hapo ni mbao kama mbao nyingine. Kigogo nakikata kirefu kuliko ninachohitaji kwa sentimita tatu kila upande, ili matundu ya skrubu yaondoke na ncha.

Sasa malalamiko. Bledi iliyokuja nayo ilikuwa na meno madogo mengi, nzuri kwa kukata maua kwenye triplei, mbaya kwa kupasua. Unga unajaa katikati ya meno, bledi linachemka, linaanza kutangatanga. Nilikwenda kwa mafundi wa eneo la Gerezani, hapa mjini, nikaungiwa bledi la upana wa robo tatu ya sentimita na ushee, meno manne kwa inchi, na mashine ikawa nyingine. Ile reli ya kuongozea mbao inalegea hata ukiikaza. Niliiacha, ninabana ubao ulionyooka kwa klempu. Kishikio cha juu cha bledi kinashuka chenyewe kwa mtikisiko, nami nakitaka kikae milimita 5 tu juu ya mti, kwa hiyo naangalia kabla ya kila mpasuo.

Kasoro kubwa kuliko zote ni swichi. Umeme ukikatika kati ya kazi, swichi inabaki imewashwa. Unainama kufungua kigogo, umeme unarudi, bledi linaondoka. Kwetu umeme unaweza kukatika Jumamosi yoyote, na kwangu mimi hii ni hatari kuliko meno yenyewe. Fundi umeme alinifungia swichi ya sumaku inayojiachia umeme ukipotea na haiwaki tena mpaka uibonyeze. Mwenye mashine ya aina hii afanye hivyo kabla hajapasua kitu cha kwanza.

Miwani ninavaa, barakoa pia, hasa kwa mpingo, maana vumbi lake linawasha ngozi na kifua cha baadhi yetu. Glovu sivai kabisa karibu na bledi: meno yakishika kitambaa, yanaondoka na mkono.

Kuhusu mti wenyewe: tawi bichi ninalipasua mapema, siku ileile nikiweza, na ncha nazipaka rangi ya mafuta. Mti ukikauka unasinyaa zaidi kufuata mzunguko wake kuliko kuelekea kwenye kiini, kwa hiyo kigogo kizima lazima kipasuke mahali fulani. Ukikigawa kupitia kiini, nusu zinajikunja kidogo badala ya kuchanika. Vigogo vya mpera nilivyoviacha vizima mwaka jana karibu vyote vina nyufa. Nilivyovipasua vibichi ninavitumia hadi leo.

Ningeinunua tena, kwa mpingo na kwa mti wenye mafundo. Vigogo vyako vikizidi sentimita 7 itakusumbua, tafuta kubwa zaidi. Na kama unachonga miko tu kwa mpera ulionyooka, usitoe hela yako. Weka kishoka juu ya kiini, ukigonge kwa rungu. Mti unafunguka kwa kufuata nyuzi zake, na mwiko unaotoka humo haukatiki shingo kirahisi kama wa msumeno.