VTS kwenye basi: saba kati ya kumi, kutoka kiti cha dereva

Naanza na alama ninayoipa VTS, kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi, ili mwenye haraka aendelee na shughuli zake: saba kati ya kumi. Tatu nilizokata nitazieleza, na mojawapo wala si kosa la kifaa.

Kifaa chenyewe hukioni. Ni kiboksi cheusi cha kutosha kiganjani, kimefichwa nyuma ya dashibodi, ndani kina laini ya simu. Kinasoma kwa setilaiti basi liko wapi na linakwenda mwendo gani, kisha taarifa zinakwenda LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu Tanzania, na tajiri, yaani mwenye basi, naye anaziona kwenye simu yake. Abiria anachokijua ni mlio tu. Ukipita 80 kwa saa alamu inaanza, na hainyamazi mpaka ushushe mwendo. Ukiingia porini kusikokuwa na mtandao usijidanganye kwamba umepona. Kinaweka kumbukumbu zote, kikikuta mnara kinazimwaga kwa mpigo.

Kwenye kupima mwendo sina ugomvi nacho. Mshale wa dashibodi unapenda kutia chumvi, ukisoma 84 kifaa bado kimenyamaza, kwa sababu chenyewe kinapima mwendo halisi wa gari. Kwa hiyo mwenzangu anayedai "kinanionea" ajiulize vizuri.

Mlio ndio ulionikera. Fundi aliyetufungia aliuweka juu ya kioo, usawa wa sikio langu la kulia, na unalia kama mbu aliyepewa spika. Sasa fikiria niko nyuma ya lori la semi linalokwenda 70, mbele kweupe, nimetoka kuovateki. Mimi mita 12, yeye mita 18 hivi, weka nafasi ya kutoka na ya kurudi: nikibaki kwenye 80 nahitaji sekunde zaidi ya 20 na karibu nusu kilomita ya barabara kumaliza kazi. Nikiongeza kidogo nimalize mapema, mbu anaanza, abiria wa mbele wanashtuka, konda ananiangalia. Madereva wengi wanaitumia hoja hii kukipinga kifaa. Mimi nimeigeuza. Kama semi iko 70 na mimi mwisho wangu ni 80, sina sababu ya kutoka. Nakaa nyuma yake mpaka kipande cha kupanda kimchoshe. Ila mlio ule upande wa sikio nimekata nusu alama, sijali.

Alama moja na nusu nimeikata kwa sababu kifaa kinajua namba moja tu. Cha kwangu hakinikumbushi vibao vya 50. Naweza kuingia kijijini na 75, watoto wa shule wamejipanga pembeni wanasubiri kuvuka, na kifaa kimetulia tuli. Hapo anayenishika adabu ni trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo chini ya mwembe. Halafu njoo mlima Kitonga. Ukitokea Iringa unateremka, jabali upande mmoja, korongo upande wa pili, kona juu ya kona. Pale unaingia na gia nzito, ya namba ndogo, tangu juu, injini ikushikilie, breki unazigusa tu na kuachia. Anayeteremka na 65 huku amekalia pedeli anachemsha breki, na katikati ya mlima atakanyaga asikute kitu. Kwa kifaa, mtu huyo ni dereva bora, hana hata kosa moja kwenye kumbukumbu. Msimamizi wa ofisini anayehesabu makosa kwenye skrini asiyeijua Kitonga atampa zawadi.

Wenye umri wangu watauliza: wewe si ulikuwa kituo cha mabasi Ubungo, Dar, siku ya mgomo wa madereva, leo unasifia kanuni? Nilikuwepo. Ijumaa Aprili 10, 2015, mabasi yalilala, na daladala nazo, watu wakatembea kwa miguu. Kilichotuunganisha ni amri ya kurudi darasani kila unapohuisha leseni, wakati ule kila miaka mitatu, kwa pesa ya dereva mwenyewe, ukijumlisha kero za tochi na faini. Mabomu ya machozi yakapigwa. Baadaye waziri wa kazi, Gaudentia Kabaka, akaja kutangaza kwamba sharti lile limeondolewa, injini zikawashwa. Mwezi uliofuata, Mei 4, tukagoma tena, na mikataba ya ajira ilikuwa kati ya madai.

Aliyetuzomea simlaumu. Ulikuwa haujapita hata mwezi mmoja tangu Machi 11, pale Changarawe, Mafinga, kontena lilipoliangukia basi na kuua watu zaidi ya 40. Nchi iko msibani, madereva wanakataa shule! Lakini dereva asiye na mkataba, anayelipwa kwa safari, ukimwambia ajilipie ada na aache kazi kwa siku za masomo, umemwambia ale nini? Kila kanuni iliyokuja ilikuwa inatafuta shingo ya dereva peke yake. Tajiri anapanga ratiba, dereva analipa faini.

VTS ndiyo kanuni ya kwanza niliyoiona inamgusa tajiri. Kifaa ni cha gari, gharama ni yake, na akiwa na mabasi yenye makosa anayeitwa ni yeye. Zamani simu ilikuwa inaita nikiwa Mafinga: "Mbona wenzako wapo Makambako?" Ungejibu nini zaidi ya kukanyaga mafuta? Siku hizi namjibu, "Tajiri, fungua simu yako uone, niko 79." Anakata. Hata abiria wamebadilika. Wale wa "suka, unaendesha gari la maiti?" wapo, lakini mlio ukianza tu kuna mama kiti cha tatu ataanza kurekodi. Kwa hilo peke yake nilitamani kuongeza alama.

Alama ya mwisho niliyokata ni ya kitufe. Kabla ya kuondoka kila dereva anagusisha kitufe chake ili ijulikane nani yuko usukanini, maana safari ikizidi saa nane kanuni inataka madereva wawili. Dar–Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, hapo hakuna mjadala. Kwenye kampuni moja niliyopitia, ambayo sitaitaja, dereva wa pili alikuwa kitufe tu. Kinaning'inia kwenye funguo, tukifika Iringa konda anakigusisha, na mimi naendelea na macho mekundu. Kifaa kinaamini. Mwenye kitufe alikuwa deiwaka, dereva wa kibarua, yuko zake Mbezi anakunywa chai. Hapa sikilaumu kiboksi, kinasoma kile kinachoguswa. Lakini tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, Oktoba 2023, uongo huu umekuwa hatari mara mbili, kwa kuwa saa tisa ya usiku usingizi haulii alamu.

Mwenye gari anayetaka kufunga, nina mawili ya kumwambia. Simamia fundi aweke spika ya mlio katikati ya dashibodi, dereva na abiria wote waisikie bila kumtoboa mtu sikio, na waya upite ndani ya bomba, usiachwe ukining'inia karibu na miguu ya konda. Na dereva wa pili mlipe posho kamili, apande garini.