Uzoefu wangu: amri za Windows, takeown na icacls, ziliniokolea folda iliyonigomea

Laptopu yangu ya steshenari ilikufa mazabodi. Diski ilikuwa nzima, basi nikaitoa, nikaitia kwenye kava lenye waya wa USB, nikaichomeka kwenye kompyuta nyingine. Nyimbo zikafunguka, picha za harusi zikafunguka. Folda ya "Kazi za wateja", ambayo ndiyo ugali wangu, ikagoma: huna ruhusa. Mimi niliyeitengeneza!

Kosa lilikuwa langu. Siku za nyuma, kwa kuogopa vijana wa kaunta wasichungulie vyeti vya watu, niliingia Properties, kichupo cha Security, nikafuta wote nikabaki peke yangu. Kumbe Windows haimtambui mtu kwa jina. Humtambua kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na namba hiyo haihami kwenda kompyuta nyingine. Nilifungua hata akaunti yenye jina lile lile nikidhani nitaihadaa, wapi! Kwenye kile kichupo nilijikuta nimeandikwa kuwa akaunti isiyojulikana, na mkia wa tarakimu nyuma.

Fundi mmoja alinishauri nifomati diski. Nikamshukuru, nikaondoka na diski yangu. Programu ya bure niliyopakua ilifanya kazi mpaka katikati, ikadai hela.

Kilichonisaidia kilikuwa ndani ya Windows siku zote, tena bure. Nilibofya kulia kwenye Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), nikachagua Run as administrator (ukiifungua kawaida utakataliwa tu), kisha nikaandika:

takeown /f "E:\Kazi za wateja" /r /d y
icacls "E:\Kazi za wateja" /reset /t /c

Amri ya kwanza inakufanya wewe uwe mmiliki. Hapo ndipo wengi hukwama, maana kumiliki hakukupi moja kwa moja ruhusa ya kufungua. Kunakupa uwezo wa kubadilisha ruhusa. Ya pili ndiyo inayofuta masharti ya zamani na kuyarudisha yale ya folda mama, yaani ile iliyoibeba. Ile /r na /t huingia mpaka folda za ndani kabisa, /d y hukujibia "ndiyo" kila inapoulizwa, na /c huendelea hata faili moja likigoma. Alama za kunukuu usizisahau. Mimi nilizisahau, na kwa kuwa jina lina nafasi katikati, nikarushiwa kosa mara tatu huku nikiilaumu diski.

Mistari ilipita kwenye skrini kama dakika ishirini, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, vyeti, risala na mialiko vyote vilikuwepo.

Nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa sababu amri hizi hazina kitufe cha kurudi nyuma. Ukikosea herufi ya diski ukaandika C:\ badala ya E:\, unaweza kuvuruga ruhusa za Windows yenyewe, na hapo utamtafuta yule fundi wa kufomati kwa miguu yako. Ipo njia ya kujihami, icacls na /save, ambayo huhifadhi orodha ya ruhusa kwenye faili kabla hujazigusa, lakini mimi niliijua baadaye. Na kama faili zako zilifungwa kwa usimbaji (encryption), kuwa mmiliki hakutakusaidia kitu. Utahitaji ufunguo wake.

Jambo jingine: baada ya /reset, folda yangu ilikuwa wazi kwa yeyote anayetumia kompyuta hiyo. Nimeifunga tena, ila safari hii nimewaacha Administrators, yaani wasimamizi wa kompyuta, kwenye orodha.