Glezi angavu ya ndoo: mng'ao mzuri, maelezo haba

Glezi angavu ya maji, yaani rojo la kupaka chombo cha udongo ambalo motoni huyeyuka na kuwa utando kama kioo, ile inayouzwa kwa ndoo za lita 5 ikiwa imekwisha kuchanganywa, ni bidhaa ninayoipendekeza kwa mfinyanzi anayetumia udongo mwekundu na tanuri dogo la umeme, mradi asitegemee karatasi ya maelezo peke yake. Hii ninayoitathmini huiva kati ya nyuzijoto 1020 na 1060 za Selsiasi, na lebo yake inasema haina madini ya risasi. Inapokubali, wekundu wa udongo hukolea, na mdomo wa kikombe huwa laini kiasi cha kupendeza kunywea.

Tatizo lake kubwa ni nyufa nyembamba kama unywele. Chombo hutoka tanurini kikiwa safi, kisha husikika mlio mdogo mkali, na baada ya siku kadhaa utando wote huwa umechorwa mistari. Karatasi ya maelezo inalaumu kupoza tanuri kwa haraka, na hapo ndipo ninapotofautiana nayo kabisa, kwa sababu kupoza polepole mara nyingi huchelewesha tu nyufa ambazo zingetokea hata hivyo. Kiini chake ni kwamba glezi, inapopoa, husinyaa kuliko udongo ulio chini yake, ikavutika hadi ikapasuka. Glezi zenye sodiamu na potasiamu nyingi ndizo zinazosumbuka zaidi, ilhali silika, madini yanayounda sehemu kubwa ya mchanga, hupunguza msinyao huo. Lita moja ya glezi yenye uzito wa kilo 1.45 huwa na unga mkavu wa takriban gramu 730. Kwa hiyo gramu 35 za silika iliyosagwa laini ni karibu asilimia 5, kiasi kinachofaa kujaribiwa kwanza kwenye vipande vichache. Anayepima unga huo avae barakoa, kwani vumbi la silika huharibu mapafu.

Kuna sababu ya pili ambayo karatasi haikuigusa hata kidogo. Udongo mwekundu uliochomwa kwa moto hafifu mara ya kwanza hubaki na vinyweleo vingi, hufyonza unyevu wa hewa na kutanuka taratibu, na ndiyo maana bakuli lililokuwa zima linaweza kupata nyufa likiwa limekaa kabatini. Iwapo udongo wako unastahimili, uchome kwanza hadi karibu nyuzijoto 1100, kisha uchome glezi kwa moto wa chini ya huo. Ili kuhakikisha, paka wino juu ya chombo, usubiri kidogo, halafu ukifute: wino ukibaki umechora mistari, chombo hicho hakifai kuwekewa mchuzi wala maziwa, kwa kuwa majimaji yatapenya hadi kwenye udongo.

Pale glezi inapojikunja na kuacha sehemu tupu, chanzo mara nyingi ni vumbi au mafuta ya vidole, na sifongo yenye unyevu hutosha kusafisha kabla ya kuchovya. Glezi nene nayo hupasuka inapokauka, kisha hujikusanya motoni. Tena juu ya udongo mwekundu hugeuka kuwa na ukungu mweupe kutokana na viputo vilivyonaswa ndani. Kuchovya kwa sekunde 2 au 3 kunatosha. Kuhusu vitundu vidogo kama vya sindano, hivyo husababishwa na gesi inayotoka udongoni, na dawa yake ni kwenda polepole kati ya nyuzijoto 700 na 900 katika uchomaji wa kwanza, kisha kushikilia moto wa mwisho wa glezi kwa dakika 15.

Kero ndogo ni kwamba glezi hii hutuama chini na kuwa ngumu ikikaa muda mrefu. Chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti) kidogo mno, iliyoyeyushwa katika maji ya moto, huizuia isigande hivyo, na chekecho la matundu 80 kwa inchi huondoa mabonge.

Ninachomdai mtengenezaji ni kueleza waziwazi kwamba glezi hii haiwezi kuafikiana na kila udongo, na kuuza pia chupa ndogo ya majaribio. Mfinyanzi anayenunua udongo wake kwa mchimbaji wa mtoni hawezi kujua kama vitapatana mpaka achome, na ndoo nzima ni gharama kubwa mno ya kujaribia.