Kituo cha Pamoja cha Namanga: abiria alama nane kwa kumi, mzigo mdogo alama sita

Mpaka wa Namanga, kati ya Tanzania na Kenya, ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika. Ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya Nyerere, Moi na Obote kukubaliana Arusha juu ya mgawo wa mali na madeni ya Jumuiya hiyo, mpatanishi akiwa Mswisi Victor Umbricht. Kituo cha sasa, ambacho wengi hukiita OSBP (kifupi cha Kiingereza cha kituo cha mpakani cha kusimama mara moja), kilizinduliwa na Magufuli na Kenyatta tarehe 1 Desemba 2018. Kwa abiria ni huduma nzuri. Kwa mwenye magunia manne ya maharage inategemea alivyojiandaa, na siku nyingine inategemea Dodoma na Nairobi zimeamkaje.

Utaratibu wenyewe ni kusimama mara moja, upande wa nchi unayoingia. Ukitoka Arusha kwenda Nairobi, unalipita jengo la Tanzania na kuingia la Kenya. Humo ofisa wa Tanzania anakugongea muhuri wa kutoka, kisha wa Kenya anakugongea wa kuingia. Wanaopotea ni wale wa miguu na bodaboda, ambao huondoka wakiwa na muhuri mmoja. Pasipoti isiyo na muhuri wa kutoka huleta maswali safari inayofuata, kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha hujaondoka. Kagua mihuri yote miwili ukiwa bado dirishani.

Mtanzania asiye na pasipoti aombe hati ya dharura ya safari Uhamiaji. Kitambulisho cha taifa pekee usikitegemee hapa. Kuvuka kwa kitambulisho pekee ni utaratibu wa Kenya, Uganda na Rwanda. Cheti cha homa ya manjano kiwe tayari mapema, maana chanjo huhesabika baada ya siku 10, na ya kuchomwa jana haikusaidii. Mwenye gari abebe kadi halisi ya gari, barua ya idhini kama gari si lake, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika (ndiyo, Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini kadi inatumika). Forodha watakupa kibali cha muda cha gari. Hakikisha forodha wanakifunga wakati wa kurudi.

Kwa mfanyabiashara mdogo, kitu chenye thamani kuliko vyote pale ni cheti rahisi cha uasilia. Ni fomu ya forodha kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Ukiwa nayo hulipi ushuru wa forodha. Tatizo ni kwamba wengi huielewa kama ruhusa ya kupitisha chochote. Mitumba na vyombo vya plastiki kutoka China havihusiki hata kama vimenunuliwa Arusha mjini. Tozo nyingine na vibali vya ubora na afya ya mimea vinabaki palepale. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na nchi mzigo unakotoka: mamlaka ya afya ya mimea TPHPA kwa Tanzania, na KEPHIS kwa Kenya. Ukikikosa, nyanya zako zitakaa juani huku fomu ya forodha ikiwa safi kabisa. Hapo ndipo vishoka huingia na "njia fupi". Mwenye karatasi kamili hana haja nao.

Mahindi yana mtihani wake. Machi 2021 Kenya iliyazuia ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu (sumu ya kuvu wa nafaka), na siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti: muagizaji awe amesajiliwa, cheti kionyeshe sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na asili ya mahindi ijulikane. Yakaushe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kufunga magunia; yakifungwa mabichi, kuvu humea njiani na kipimo cha shambani hakitakuokoa.

Alama za mzigo mdogo nimezikata hapa. Jengo halina kosa, ila amri za ghafla hulizidi nguvu. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya viliteketezwa Namanga, na 2020 madereva wa malori walikwama kwa mvutano wa vipimo vya korona. Ziara ya Rais Samia Nairobi, Mei 2021, ilituliza mengi. Hata hivyo, kwa mifugo, kuku na nafaka, mpigie wakala wa forodha asubuhi ya kupakia, si wiki moja kabla.